Moto Upande wa Ndani

Mama mdogo wangu alivuta sigara kwa kuigeuza. Moto ulikaa ndani ya mdomo, na ule upande ambao watu wengine huuweka midomoni ndio uliochungulia nje, mkavu na mweupe. Aliwasha kama kila mtu, akavuta mara moja au mbili mpaka tumbaku ishike, kisha akaigeuza kwa vidole na ulimi, upesi kiasi kwamba ukipepesa macho hukuona kitu, akafunga midomo. Moshi ulimtoka puani. Majivu aliyatema pembeni au aliyameza. Nilipomuuliza alisema hajui, hajawahi kufikiria. Na muda wote huo aliweza kuongea, kucheka, kugombana na muuza mihogo na kubeba beseni la samaki kichwani.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Tuliishi Lubunga, Kisangani, ng'ambo ya kushoto ya mto. Aliuza samaki wabichi asubuhi, na mchana makayabu, wale samaki wa chumvi. Sokoni pale wanawake wengi wa umri wake walivuta vile vile, hata sikuona ajabu, mpaka nilipoanza shule Makiso, ng'ambo ya mjini, na kumsikia msichana wa mjini akisema kwa hofu kwamba akina mama wa Lubunga wanakula moto. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamtazama mama mdogo kama mgeni.

"Juu ya nini unaniangalia vile?" akaniuliza.

"Moto haikuunguzi?"

"Ingekuwa inaniunguza, ningevuta?"

Kwangu hilo halikuwa jibu, basi nikaanza kuwauliza wengine. Muuza ndizi aliniambia kwamba upepo wa mto hauwezi kuuzima moto uliofungiwa mdomoni. Jirani yake alisema sigara ikigeuzwa inadumu, unavuka mto nayo kwa pirogi na unafika ng'ambo bado ipo. Bibi mmoja aliyekuwa akimenya mihogo alinisimulia kwamba alipoolewa mama mkwe wake alikuwa mkali, hakutaka kuona moshi kwa mwanamke kijana, hivyo alijifunza kufunga mdomo na kupita mbele yake akiinamisha kichwa. Mwingine alisema ni joto tu: asubuhi yenye ukungu, ukiwa umesimama majini unapokea samaki, moto ule unashuka mpaka kifuani. Mwingine alijifunza shambani kwa mama yake wakati wa mvua, na mama yake kwa mama yake.

Niliyapenda majibu hayo kwa kuwa hayakufanana. Nilijaribu mwenyewe pia, nyuma ya jiko, na kwa siku kadhaa sikuhisi ladha ya pondu, yale majani ya mihogo, wala ya chumvi. Mama mdogo aliniona nikiupepea ulimi kwa mkono. Hakunipiga. Alinipa maji na kuniambia kwamba kazi ile si ya watoto.

Aliyecheka zaidi alikuwa tonton, kaka yao mkubwa, ambaye uwanja wake ulipakana na wetu. Alikuwa fundi wa reli, mtu mrefu mwenye mikono iliyojaa makovu ya vyuma. Yeye alisokota likaya, tumbaku ya majani aliyoilima mwenyewe nyuma ya nyumba, akaivuta kwa njia ya kawaida, moto nje. Kila jioni aliketi na rafiki zake kwa mama mmoja aliyepika lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayotoneshwa kwa bomba kutoka kwenye pipa. "Wanawake wa hapa wana vichwa vigumu," alikuwa akisema. "Wataunguza mdomo, halafu watasema wamelogwa." Kuhusu mimi alisema nitakuwa polisi, kwa jinsi nilivyopenda kuuliza.

Sikuwa polisi. Nilisomea uuguzi, na nilipomaliza, picha ya rais ukutani ikiwa ile ile ya tangu darasa la kwanza, nilipangiwa chumba cha meno katika hospitali moja ya mjini. Sikufurahi. Wenzangu walikwenda kwenye uzazi na upasuaji, mimi nikapewa koleo, pamba na ndoo ya kutemea. Kila asubuhi nilivuka mto, nikapanda njia ya bandarini, na kukuta benchi limejaa watu wameshika mashavu.

Baada ya muda alikuja daktari mpya wa meno. Alikuwa kijana wa jimbo la Équateur aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, na aliongea Lingala na wagonjwa, Kifaransa nami, na Kiswahili kidogo alichokuwa akikiokota kwa wauza karanga. Alikuwa na tabia iliyowaudhi watu wa benchi: kabla ya kugusa jino bovu, aliutazama mdomo wote. Aliushika ulimi kwa kitambaa, akauvuta kushoto, akauvuta kulia, akauinua na kuchungulia chini yake, halafu kaakaa, halafu ndani ya mashavu.

"Docteur, jino iko huku," wagonjwa walilalamika wakionyesha.

"Naliona," alijibu. "Haliwezi kukimbia."

Siku moja tukiosha vyombo nilimuuliza anatafuta nini.

"Kidonda ambacho hakiponi," akasema. "Doa jeupe ambalo halifutiki ukilipangusa. Doa jekundu. Zaidi yale yasiyouma, kwa sababu linalouma mtu ataleta mwenyewe."

"Na ukilipata?"

"Mara nyingi si kitu. Mara nyingine ni kansere inaanza. Ikiwa inaanza tu, unaweza kuikata ukaimaliza. Ikishashuka shingoni, tunabaki kufunga vidonda."

Nilikuwa nimewaona hao wa kufunga vidonda. Waliletwa na ndugu zao, kitambaa kimefungwa taya, wakiwa hawajala siku nyingi, na harufu iliwatangulia mlangoni. Daftarini tulikuwa tukiwaandikia jipu la jino kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kufikiri zaidi.

"Ni nani anayeipata?" nikauliza.

Alikausha mikono akafikiri. Vitabu alivyosoma, alisema, vilizungumzia wazee wa Ulaya wenye kiko na pombe kali, maana tumbaku na pombe zikikutana mdomoni zinaharibu kuliko kila moja ikiwa peke yake. Vilizungumzia pia watu wa India wanaotafuna tumbaku pamoja na karanga fulani ya kwao. Halafu wale wasiopata mboga na matunda, na wenye meno mabovu yaliyovunjika, ingawa hapo wataalamu hawakukubaliana.

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu vitabu vinanyamaza," akasema. "Hata ukiniuliza ni wangapi katika Kisangani, siwezi kukujibu. Tunawajua waliokuja. Aliyekufa Lubunga akisemekana amelogwa, huyo tutamhesabu wapi?"

Aliposema Lubunga nikamkumbuka mama mdogo. Nilishangaa kwamba miezi yote ile, nikishika taa juu ya vinywa vya watu, sikuwahi kufikiria kinywa chake.

"Docteur," nikasema, "mama aliyenilea anavuta sigara moto ukiwa ndani."

Aliniuliza nirudie. Nikarudia, nikamwonyesha kwa kijiti cha pamba jinsi inavyogeuzwa. Alivuta kiti akaketi. Alikuwa amewahi kusoma mstari mmoja juu ya jambo hilo, mahali pengine mbali duniani, na alidhani ni hadithi. Akaniuliza maswali mpaka mlinzi akaja kufunga mlango: wanavuta mara ngapi, tangu umri gani, sigara za dukani au majani, wanakunywa, wanatafuna makasu, zile kokwa chungu za kola. Kwa mara ya kwanza nilikutana na mtu mwenye maswali mengi kuniliko.

Mama mdogo alikataa kuja hospitali. Meno yake yalikuwa mazima, alisema, aende kwa mng'oa meno kufanya nini. Basi daktari ndiye aliyekuja. Alivuka mto Jumapili moja baada ya misa, na kioo chake kidogo cha mpini kimefungwa katika leso. Mama mdogo alikuwa amepika lituma, ndizi zilizotwangwa, kwa samaki wa mchuzi. Hakukubali kuguswa mpaka mgeni ale na asifie. Mgeni alikula na kusifia kwa Kiswahili chake kibovu, na mama mdogo akamrekebisha maneno.

Kisha tulimkalisha uani akielekea jua. Daktari aliinama. Alitazama muda mrefu, akanipa kioo nitazame mimi.

Kaakaa la mama mdogo lilikuwa jeupe. Si weupe wa utando unaofutika. Lilikuwa gumu, lenye nyufa, kama udongo wa ukingoni mto ukishakauka, na katikati ya nyufa kulikuwa na vidoa vyekundu vingi. Sehemu moja, upande wa kulia, ilikuwa na rangi ya kahawia. Nilimjua mwanamke huyu tangu nina akili. Nilijua kovu la goti lake na jinsi anavyokoroma. Hili sikulijua.

"Munaona nini?" akauliza, mdomo ukiwa bado wazi.

Daktari alimweleza kwa Lingala, taratibu. Moto na moshi vilikuwa vimeichoma ngozi ya juu mpaka ikajikunja na kuwa sugu, na ndiyo sababu hakuhisi kuungua. Hakuona kidonda. Lakini ngozi iliyoumizwa kila siku inaweza siku moja kuanza kuota vibaya.

"Mi nataka kuona," akasema mama mdogo.

Nilileta kioo cha ukutani, daktari akashika kile kidogo ndani ya mdomo, na baada ya kuhangaika kidogo na jua mama mdogo aliliona kaakaa lake mwenyewe. Alisogeza kioo, akatazama tena, akataka upande mwingine. Nilidhani ataogopa. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayechagua samaki.

"Kumbe iko hivi," akasema. Halafu akaita juu ya ukuta wa miti, "Mama wa pale, njoo uone ile kitu iko ndani yangu. Na weye pengine iko nayo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jirani alikuja, na jirani wa jirani, kisha wauza samaki waliokuwa wakitoka kanisani na vitenge vyao vizuri. Walipanga mstari bila kuambiwa. Kila mmoja alitaka kutazamwa, na kila mmoja alitaka kujitazama kwa vioo viwili, na walilinganisha kama wanawake wanavyolinganisha nguo. Wengi wa waliogeuza moto walikuwa na ule weupe. Waliovuta kwa njia ya kawaida hawakuwa nao, au walikuwa nao hafifu. Mmoja alikuwa na kidonda kidogo ambacho daktari alimtaka aje nacho hospitali. Alikuja, na kilipona chenyewe alipoacha sigara kwa muda.

Tonton alikuja mwisho, kwa ajili ya kucheka. Alitoka kwa mama wa lotoko, macho mekundu kidogo, akasimama kando akiwatania dada yake na rafiki zake.

"Bon," akasema, "basi mutazame na mimi, mutu anayevuta kama mutu."

Akaketi kwenye kiti, akafungua mdomo wazi kuliko ilivyohitajika. Daktari aliutazama kwa adabu ile ile. Kaakaa lilikuwa safi. Akaushika ulimi kwa kitambaa, akauvuta kulia, akauvuta kushoto, na hapo akasimama. Aliniita kwa jicho. Chini ya ulimi, ubavuni, karibu na kisiki cha jino kilichovunjika, kulikuwa na doa jekundu lenye kidonda katikati. Daktari alivaa glavu akagusa ukingo wake. Nami nikagusa. Ulikuwa mgumu, kama mbegu ndani ya tunda.

"Hii iko hapa tangu lini, tonton?"

"Ile? Ni jino inanikwaruza. Tangu mvua zile za mbele."

"Inauma?"

"Hapana. Lotoko ikipita, ndiyo nasikia kidogo."

Daktari alimpapasa shingo chini ya taya, pande zote mbili, bila haraka. Alimwambia tonton aje kesho yake, kisiki king'olewe. Kama kosa ni la jino, kidonda kitapona katika wiki mbili. Tonton alicheka, akauliza kama atapewa na jino jipya. Alikuja hata hivyo. Kisiki kiling'olewa, wiki mbili zikapita, na kidonda kilikuwa pale pale, kimeongezeka kidogo.

Tukakata kipande kidogo, tukakitia katika chupa ya formoli, kikapelekwa kwa ndege mji mkuu, kwa kuwa Kisangani wakati huo hatukuwa na mtu wa kukisoma. Tukangoja. Msimu wa mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, ulianza na kwisha, na jibu halikuja. Katika kungoja huko mimi na daktari tulizungumza jambo lile lile kila siku. Mbona mwenye moto ndani, mwenye kaakaa lililopasuka kama udongo, hana kidonda, na huyu aliyemcheka anacho? Daktari aliniambia nisitazame moto tu. Tonton alivuta kutwa na alikunywa kila jioni kwa miaka mingi, na pombe ile ilikusanyika pale pale chini ya ulimi pamoja na moshi. Mama mdogo hakunywa. "Lakini hiyo ni sababu ninayoiona baada ya jambo kutokea," alisema. "Wako wanaofanya yote mawili wakafika uzeeni. Tunajua kinachoongeza hatari. Hatujui itamwangukia nani."

Kauli hiyo ilinisumbua, na inanisumbua hadi leo, kwa sababu ilikuwa ya kweli na haikunifaa kitu nilipokaa mbele ya tonton.

Jibu lilifika. Ilikuwa kansere. Daktari alitaka kwenda kumwambia, nikamwomba niende mimi kwanza. Nilimkuta tonton akinoa panga uani, mama mdogo ameketi karibu akipanga makayabu.

"Tonton, ile nyama ya ulimi wameisoma. Ni kansere."

Aliendelea kunoa kidogo. "Kansere? Ile si ugonjwa ya bazungu?"

"Ni ya kila mtu."

"Na dawa?"

"Kukata. Kukata sehemu ya ulimi, na kutazama shingoni."

Aliweka panga chini. "Mutu bila ulimi ni nini? Niache nikufe na ulimi yangu."

Jioni ndugu walikusanyika. Mmoja alisema tonton ana adui tangu siku za reli, aliyemwonea wivu kwa cheo chake, na kwamba mtu huyo ndiye wa kutafutwa. Mwingine alimjua mtaalamu wa mizizi upande wa Yangambi, siku nzima kwa boti. Mazungumzo yalikwenda hivyo mpaka mama mdogo aliposema. Hakuwa amegusa sigara tangu asubuhi, nilikuwa nimeona.

"Mi niliona mudomo yangu kwa macho yangu," alisema. "Hakuna mulozi aliingia mule na kiberiti. Ni mimi niliwasha. Na ile ya kaka, ni yeye aliimimina. Kama kuna adui mutamutafuta kisha. Sasa tumupeleke kwa ule docteur kijana amukate, bado iko kidogo."

Tonton aliuliza tu kama ataweza kula lituma. Nikasema ndiyo, ikilainishwa kwa mchuzi. Akasema sawa.

Daktari mpasuaji wa hospitali ndiye aliyekata, daktari wa meno akimsaidia, nami nikapewa ruhusa ya kusimama ndani. Waliondoa ubavu wa ulimi na vitezi vya upande ule wa shingo. Ulaya, daktari aliniambia, wangeongeza miale ya mashine. Sisi tulikuwa na kisu tu. Siku za kwanza tonton alikula kwa mpira uliopitishwa puani, na mama mdogo alivuka mto kila asubuhi kwa pirogi na uji katika chupa. Uso ulimvimba. Alikataa kutazamwa na rafiki zake. Nilipobadilisha bandeji alinishika mkono akajaribu kusema, na kilichotoka hakikuwa neno. Akageukia ukuta, nami nikaendelea kufunga bandeji.

Lakini vitezi vilikuwa safi, na kidonda kilifunga. Maneno yalirudi polepole. Herufi ya r ilipotea kabisa na s ilitoka na upepo. Mama mdogo alimfundisha kama mtoto, akimtajia majina ya samaki mmoja mmoja, naye akiyarudia kwa hasira, na walipofika kwa samaki mwenye jina gumu wote wawili walicheka, naye akashika shingo kwa maumivu ya kucheka.

Katika miezi hiyo mama mdogo aliacha sigara. Hakutangaza. Alimuuliza daktari kwanza kama ingetosha kuigeuza, moto ukae nje kama kwa watu wengine. Daktari akamwambia kaakaa litapumua, lakini moshi ni ule ule, na tonton alivuta moto ukiwa nje. Alifikiri siku kadhaa. Kisha nikaanza kumwona sokoni akitafuna tangawizi, mkali kwa wanunuzi kuliko kawaida. Kilichomshikilia, nadhani, kilikuwa udadisi. Kila Jumapili alitaka vioo viwili. Weupe ulianza kulainika, nyufa zikafifia, vidoa vikapungua, naye aliwaita majirani washuhudie kama mtu anayeonyesha shamba lake linavyoota. Ile sehemu ya kahawia haikuondoka. Daktari aliitazama mara kwa mara mpaka alipohamishwa miaka kadhaa baadaye, na baada yake niliitazama mimi.

Baadhi ya wanawake walimfuata wakaacha. Wengine walipunguza. Yule bibi aliyewahi kumficha mama mkwe wake moshi aliniambia mama mkwe amekwisha kufa na yeye karibu atamfuata, nimwache na moto wake. Alikuwa mzee sana alipofariki, na mdomo wake, niliyeutazama mara ya mwisho ni mimi, haukuwa na kidonda.

Nisingependa ionekane kwamba mambo yalijipanga vizuri hivyo. Mwaka uliofuata ule wa upasuaji wa tonton alikuja mama mmoja wa kanisa la Kiprotestanti, mwalimu wa kwaya, ambaye maishani hakuwahi kugusa sigara wala pombe. Alikuwa na uvimbe kwenye fizi, ameupaka dawa za kila aina. Jibu la mji mkuu lilikuwa lile lile la tonton, na shingo yake ilikuwa imeshajaa. Aliniuliza amefanya nini. Nilimuuliza maswali yote niliyoyajua: moshi wa jiko, meno, chakula, mumewe. Hakuna kilichonipa jibu. Alifariki kabla ya Krismasi, na kwaya yake iliimba pale uani muda mrefu. Niliporudi kazini nilimwambia daktari kwamba sijui cha kumwambia mtu wa namna ile. Akasema naye hajui, na kwamba nisiache kuuliza kwa sababu hiyo.

Tonton aliishi miaka mingi baada ya kisu. Likaya aliing'oa nyuma ya nyumba akapanda mchicha. Lotoko aliiacha pia, ingawa hakuacha kwenda pale inapopikwa, maana rafiki zake walikuwa pale. Aliketi kati yao na kikombe cha chai. Mgeni akija na kumwuliza kwa nini anaongea vile, tonton hakueleza. Alifungua mdomo, akautoa ulimi wake wa upande mmoja, akauacha nje mpaka mwenzake ashushe kikombe. Wengine walisonya wakahamia meza nyingine, na mama wa lotoko alilalamika kwamba anamfukuzia wateja. Lakini Jumatatu asubuhi nilipofungua chumba cha meno, mara nyingi nilimkuta mwanaume wa Lubunga kwenye benchi, hana jino linalouma, ameshika kofia mikononi, akiuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumtazama chini ya ulimi.